Kimya cha Waya wa Tanga

Walianza kuubomoa ukuta sisi tukiwa kazini, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Nilikuwa nimevaa visikizio, nazungumza na opereta wa Malindi, mara nyundo ya kwanza ikapiga nyuma ya kisogo changu. Yule wa Malindi akaniuliza kama Mombasa kumeingia vita. Nikamwambia sijui, na wallahi nilikuwa nasema kweli. Mwaka ule wote nilikuwa msichana wa sijui.

Hiyo ilikuwa miaka ya sitini, uhuru umeshapatikana, na nyumba yetu ya simu pale kisiwani ilikuwa na vyumba viwili vilivyopakana. Chumba chetu kilikuwa cha simu ya kusema. Palikuwa na bodi ndefu yenye matundu, na sisi wasichana tumekaa mbele yake safu moja, kila mtu na kamba zake zenye ncha za shaba. Mtu wa Bondeni au wa Shimanzi akitaka kusema na Nairobi au Tanga, sisi ndio tuliomuunganisha. Upande wa pili wa ukuta walikaa wanaume wa simu ya maandishi. Wao walikuwa na teleprinta, mashine iliyofanana na taipureta, ila ukibonyeza herufi hapa Mombasa, mashine ya mji mwingine huipiga herufi ile ile papo hapo bila mkono wa mtu. Tuliwasikia kupitia ukutani, kekekeke kutwa nzima, nao bila shaka walitusikia sisi tukiita miji. Tulikuwa majirani tusiojuana, na mimi niliona ni ujirani mzuri kabisa.

Ukuta ulipokwisha kuanguka na vumbi kutulia, fundi akaja kutueleza. Alikuwa kijana aliyerudi karibuni kutoka ng'ambo alikosomea mambo hayo, na alikuwa na tabia ya kutabasamu mtu anapomuuliza swali, tabia iliyoniudhi tangu siku ya kwanza.

“Zamani kila kazi ilikuwa na waya wake,” alisema. “Sasa sauti na maandishi vitapita pamoja. Waya ni mmoja, kwa hiyo na chumba kiwe kimoja.”

“Kwa hiyo mtu akizungumza na Nairobi atasikia ile kekekeke ya kina kaka?” nikauliza.

“La. Vinapita pamoja lakini havichanganyiki.”

“Vitakosaje kuchanganyika, na waya ni mmoja?”

Akatabasamu. Akachukua chaki akachora mstari juu ya sakafu, kisha mistari mingine juu yake, akasema kila sauti imepandishwa daraja yake, hii chini, hii juu yake, hii juu zaidi, na zikifika huko ziendako hushushwa tena kila moja mahali pake. Hata mazungumzo ya watu wawili tu, akasema, yamepewa njia mbili, moja ya maneno ya kwenda na nyingine ya maneno ya kurudi, ila masikio yetu hayajui. Nikamuuliza itakuwaje njia moja ikifa na ya pili ikabaki hai. Akasema haiwezi kutokea. Mfagizi akapita na ufagio wake, akafuta mistari yote, na mimi nikabaki nimekodoa macho palepale ilipokuwa.

Sisi tuliotoka Mji wa Kale na Bondeni jambo lililotuhangaisha halikuwa madaraja ya sauti. Tulikuwa tumekaa na wanaume nyuma yetu. Mwenzangu mmoja akaleta leso mbili, tukaziunga kwa pini na kuzitundika pale ulipokuwa ukuta. Zilikaa mpaka saa ya chai. Msimamizi akaja, akazitoa moja moja, akazikunja vizuri, akasema idara imehangaika sana kuuondoa ukuta wa mawe na haina haja ya ukuta wa nguo.

Nilipofika nyumbani nyanya alikuwa ameshapata habari. Sijui ni nani aliyemwambia. Mji wa Kale haukuwa ukingojea simu kupashana mambo.

Nyanya ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Baba yangu alikuwa amehamia Tanga, kwa mke wake wa pili na duka lake la viungo, akawa huja kwetu kwa Idi na kwa misiba. Nyanya aliniruhusu kufanya kazi ya simu kwa sababu moja tu, kwamba nilimwapia chumba ni cha wanawake watupu, na mwanamume akitaka kitu hubisha hodi akangojea nje. Kwa hesabu yake ilikuwa kama ninakwenda chuoni kusoma, ila hurudi na mshahara.

“Ati ukuta wameuvunja?” aliniuliza, hata buibui sijalivua.

“Wameuvunja, nyanya.”

“Na hao wanaume wakaa wapi?”

“Nyuma yetu.”

“Hawawaoni visogo?”

“Twavaa mitandio.”

“Na sauti zenu hawazisikii?”

“Nyanya, kazi yetu ni sauti. Yatusikia Mombasa nzima.”

Hapo nilikosea. Aliinuka akaenda kutia udhu. Aliporudi alinambia kwamba ile posa ya Tanga, ambayo alikuwa ameiweka kando kwa miezi akidai mimi bado mdogo, ataijibu. Asubuhi nilikuwa mtoto, na magharibi ilipoingia nikawa nimeshakua.

Mposaji alikuwa mwalimu wa skuli, mtoto wa jirani wa baba huko Tanga. Sikuwahi kumwona uso. Alikuja Mombasa na baba Idi moja, nami nikamchungulia kutoka dirisha la juu, na mtu aliye juu haoni ila kofia. Ilikuwa kofia nzuri, imefumwa kwa mkono wenye subira. Hamali mmoja alipopita na mkokoteni wake, mwenye kofia alirudi nyuma akajibana ukutani ampishe, akamwamkia, na hamali akamjibu. Nilikipenda kitendo kile. Lakini mtu ataolewa na kofia na kitendo kimoja? Na nikiolewa Tanga, bodi yangu nitamwachia nani? Nilikuwa ninaipenda ile kazi kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu. Nilipenda kuita, “Tanga, wanisikia?” na sauti ya mtu nisiyemjua kunijibu kutoka upande wa pili, “Nakusikia, Mombasa.” Ilikuwa ndiyo kanuni yetu ya kwanza, humuungi mtu na mtu mpaka umeita na ukajibiwa.

Basi sikutaka, na sikukataa. Nilikuwa sijui. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu kwetu hakukuwa na nafasi ya asiyejua. Msichana anapoposwa walii wake humuuliza, naye hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo idhini. Akiinamisha kichwa ni sawa, akilengwalengwa na machozi ni sawa, hata akicheka kidogo ni sawa. Asiyetaka humnong'oneza nyanya yake kabla, faraghani, na lile swali huzuiwa lisifike. Nyanya alinipa nafasi hiyo. Alinikalisha kitandani, akaniuliza, “Una la kunambia?” Ningemwambia nini? Ningesema sina, ningekuwa nimekubali. Ningesema ninalo, ningekuwa nimekataa. Nikamwambia kichwa chaniuma, naye akanipa karafuu nitafune.

Kama mambo yangekwenda kwa desturi, nyanya angeniuliza kwa niaba ya baba, ningenyamaza kwa kuchanganyikiwa, na ndoa ingefungwa. Lakini baba alikuwa mtu wa kupenda mashine. Alijigamba Tanga nzima kwamba mwanawe yumo ndani ya simu. Akatuma habari kwamba yeye ndiye walii, swali ni lake, na binti wa simu ataulizwa kwa simu. Yeye atapiga kutoka posta ya Tanga, nami nipelekwe kwenye duka la mtaani kwetu siku ya Ijumaa, baada ya Alasiri.

Duka lenyewe lilikuwa la halua, njia ya kuelekea Makadara, na ndiyo simu ya pekee katika mtaa wetu. Ilikuwa imefungwa ukutani, kati ya mizani na sufuria kubwa ambayo kijana wa pale huikoroga kwa mwiko mrefu bila kuacha, maana halua ikiachwa kidogo tu hushika chini. Ijumaa ile watu wengi sana walihitaji halua. Nyanya alikaa juu ya kigoda karibu na mlango, amejifunika mpaka puani.

Simu ililia. Aliyekuwa kwenye bodi ni mwenzangu, yule mwenye leso. “Sema na Tanga, dadangu,” akanambia. “Waya u mzima, nimeujaribu mwenyewe.”

Baba akaingia. Alitaka hali yangu, akataka ya nyanya, akataka ya majirani mmoja mmoja, ya mwenye duka, na ya paka wetu ambaye alikuwa amekufa tangu Ramadhani. Nilimjibu yote, naye aliyasikia yote, alisikitika kwa ajili ya paka. Nasisitiza hilo kwa sababu ndilo lililotuponza. Kisha sauti yake ikabadilika, akaifanya nzito, nikajua swali limekuja.

“Mwanangu. Yule mwalimu yuwakutaka kwa njia ya sheria na heshima. Mimi babako na mwozeshaji wako. Nakuuliza leo, waridhia?”

Nikasikia kitu kikisema tik, kidogo sana, ndani kabisa ya sikio. Wengine wasingekisikia. Mimi nilikisikia, na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa unapiga kwa nguvu, nikadhani ni moyo.

Nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Nasema kweli, nilikuwa nimeshaushusha uso. Lakini mikono ilikuwa imeshika simu, na mimi ninapoishika simu huwa ni mtu mwingine, mtu wa kujibu. “Baba,” nikasema, “mimi sijui. Nipe muda.”

Baba hakusema kitu. Nikamsikia akihema.

“Baba, wanisikia? Nasema sijui.”

“Ehee,” akasema, taratibu, si kwangu. Kisha, “Alhamdulillahi.”

“Si hivyo, baba! Sikusema hivyo!”

“Alhamdulillahi rabbil alamina.”

“Baba! Sijui! SIJUI!”

Ile ya mwisho ilifika mpaka barabarani. Wanunuzi wa halua wote waligeuka. Kijana wa mwiko alisimama ameachama mdomo, na mwenye duka akampigia kelele kwamba halua inaungua. Na katikati ya fujo hilo baba yangu ananiambia sikioni, kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni, “Kunyamaa kwako kumenitosha, mamangu. Mama yako naye alinyamaa vivi hivi.” Simu ikafungwa.

Nilisimama na ile simu mkononi. Alinisikia ama hakunisikia? Kama alinisikia, alikuwa akimshukuru Mungu kwa nini? Kama hakunisikia, mbona alisikia habari za paka? Nyanya naye hakuwa na shaka yoyote. Yeye alichosikia ni mjukuu wake akimkemea baba yake mbele ya mtaa. Alinyanyuka kwenye kigoda, akatoka, akaenda zake nyumbani bila kunitazama, nami nikimfuata nyuma. Njiani kila kibaraza kilikuwa kimeshajua kwamba nimemkataa mwalimu wa Tanga kwa makelele.

Siku iliyofuata nikaenda kazini na macho yamevimba. Hata sijakaa vizuri, teleprinta moja nyuma yangu ikaanza, na karani wake akacheka akasema kwa sauti ya chumba kizima, “Bibi wee, hongera! Yako hii, yatoka Tanga!” Baba alikuwa ameleta telegramu. Alisema wamefurahi sana, halua imekwisha gawiwa, tarehe ya nikaha itafuata, nyanya aanze matayarisho. Wenzangu wakapiga vigelegele, na taa za bodi zikawaka bila kujibiwa.

Sasa nikawa watu wawili. Mombasa nilikuwa msichana mkosa haya aliyemfokea mzazi. Tanga nilikuwa mwari aliyelelewa vyema, aliyeinamisha kichwa kama marehemu mamake. Wote wawili walitoka katika simu moja, saa moja, na mimi katikati sikumjua hata mmoja wao.

Nikamwendea fundi. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya kabati la nyaya. Nikamuuliza kama waya wa Tanga ulikuwa na kasoro yoyote jana Alasiri.

“Ulikuwa nayo,” akasema. “Upande wa kurudi ulikatika kidogo. Kwa hiyo Tanga alikuwa anasikika huku, lakini huku hamsikiki Tanga. Haukuchukua muda.”

“Wewe si ulisema haiwezi kutokea?”

“Nilisema ni nadra.”

“Na aliyekuwako Tanga angejuaje?”

“Asingejua. Angesikia kimya tu. Waya uliokatika na mtu aliyenyamaza ni sauti moja.” Akatabasamu.

Ningeweza kumpiga kwa koleo lake. Baba yangu alisimama kule akingojea kimya, kimya kikamfikia, na kilikuwa kimya cha mashine. Alimshukuru Mungu kwa kasoro ya waya.

Karani wa teleprinta, aliyenipa hongera, aliona uso wangu akaniita pembeni. Alikuwa mtu mzima, mkarimu. Akasema kama nina neno la kumrudishia mzee, nilipige mwenyewe, na baba yangu akiitwa posta ya Tanga litamfikia palepale. Akanionyesha kwanza kubonyeza herufi moja ya pekee, ambayo kazi yake ni kuiuliza mashine ya upande wa pili, wewe nani? Nikabonyeza. Mashine ya Tanga ikajitaja jina lake yenyewe, pasi na mtu kuigusa. “Ukishamaliza unauliza tena,” akasema, “ili ujue alikuwapo muda wote.” Nilitazama yale maandishi nikaona wivu. Mashine ilikuwa imeulizwa yeye ni nani, na ilikuwa na jibu.

Lakini niandike nini? Sikukubali? Hilo lingesomeka nimekataa, nami sikukataa. Sijui? Baba yangu alikuwa akisoma kwa herufi za Kiarabu tu, hizi za kizungu zilimshinda. Karani wa Tanga angemsomea kwa sauti pale dirishani, mbele ya wanunua stampu, na jirani zake ambao matumbo yao bado yana halua yangu. Mwisho nikapiga maneno ambayo hata khatibu angeyasoma bila kuona haya: Waya ulikuwa mbovu. Baba piga tena.

Nilidhani nimefanya la akili. Nilipomweleza nyanya, hakuelewa hata kidogo. Habari za njia ya kwenda na njia ya kurudi alizisikiliza akikuna nazi, kisha akaniuliza, “Wewe ulisema ama hukusema?”

“Nilisema.”

“Yeye alisikia ama hakusikia?”

“Hakusikia.”

“Basi kwake wewe ulinyamaa.”

“Lakini sikunyamaa, nyanya!”

“Kwake ulinyamaa,” akarudia, akaendelea kukuna. “Akipiga tena, fahamu moja. Ukinyamaa umekubali. Ukisema, umemvua babako kilemba mbele za watu. Mimi sina la kuongeza.”

Nilitaka kumuuliza afanye nini mtu asiyejua, lakini niliona na yeye hajui, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Ijumaa ya pili duka lilijaa mpaka nje. Mwenye duka alikuwa amemwambia kijana wake akoroge bila kutazama nyuma, hata nyumba ikianguka. Nyanya kigodani. Simu ikalia, na safari hii opereta wa Tanga mwenyewe ndiye aliyeniita, ile sauti niliyokuwa nikiijibu kila siku kazini. “Mombasa, wanisikia?” Nikasema nakusikia, Tanga. “Nami nakusikia vizuri,” akasema. “Zungumza na mzee.”

Salamu za baba zilikuwa fupi. Nilisikia kuna mtu kando yake anayekohoa.

“Mwanangu, nasikia siku ile waya ulitucheza shere,” akasema. “Si neno. Babake mwalimu yuko hapa kando yangu, amekuja asikie kwa masikio yake. Nakuuliza tena, mbele yake. Waridhia?”

Sikuwa nimejiandaa kwa mtu huyo. Maneno yote niliyoyapanga wiki nzima, baba nipe muda, baba nifikiri kwanza, yalikuwa ni ya sikio la baba peke yake. Sasa kulikuwa na sikio la pili linangojea kando ya simu ile ile. Nikisema sijui, mtu aliyekula halua ya baba yangu atarudi nyumbani kusema binti yao ana mashaka na mtoto wangu. Nikinyamaza, nimeolewa. Nilifungua mdomo nikaufunga. Nikaufungua tena. Nilisikia mwiko ukizunguka katika sufuria. Nilikisikia kimya changu kikienda Tanga, katika daraja yake, bila kuchanganyika na kitu chochote, na nilijua kila kinavyozidi kwenda ndivyo ninavyozidi kukubali, na sikuweza kukizuia. Niliogopa. Sijapata kuogopa vile tena maishani mwangu, na nimeona mengi.

Baba akangojea. Angeweza kusema Alhamdulillahi wakati wowote. Hakusema. Nikasikia kikohozi, nikasikia mtu akisema kule, “Haya, si amenyamaa?”

Kisha sauti ya baba ikaja karibu sana, chini sana, kama mtu aliyempa mwenzake kisogo na kuukinga mdomo wa simu kwa kiganja.

“Mamangu. Umo?”

“Nimo, baba.”

“Kimya hiki ni chako, ama ni cha waya?”

Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuulizwa hivyo.

“Ni cha waya, baba,” nikasema.

Opereta wa Tanga, Mungu amsamehe, alikuwa bado yuko kwenye laini. Akaingilia kati kwa adabu zote za kazi. “Mzee, waya ni safi kabisa. Mimi nawasikia nyote wawili.”

“Kijana,” akasema baba, “nimekuuliza wewe?”

Kisha akapaza sauti, na nilijua hasemi nami, anasema na yule wa kando yake na posta nzima ya Tanga. “Simu za Mombasa hazifai! Mwanangu simpati kabisa! Nani atakayeoza binti kwa waya mbovu kama huu, asijue ameridhia ama amekatika? La, bwana. Tutangoja utengezwe.”

“Ahsante, baba,” nikasema.

“Sikusikii, mwanangu,” akanijibu, na akaiweka simu chini.

Nililia palepale dukani, mbele ya watu na halua yao. Mtu akaniuliza nimekubali ama nimekataa, nikamwambia waya ni mbovu. Nyanya hakuniuliza. Sauti ya baba ilikuwa imemfikia mpaka kigodani, na maneno ya mwisho aliyasikia kama mimi. Alirekebisha buibui lake, akasema, “Basi ndoo twende, maharage yako mekoni.” Njiani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nivunje ungo.

Mwenye kofia hakungoja. Watu wake walikuwa waungwana, hawakusema neno baya, lakini kabla ya mwaka kwisha alioa kwao huko huko. Nilipopata habari nilikasirika siku nzima, nikagombana na kila mtu kwenye bodi, na mpaka leo sijui nilikasirikia nini. Baba aliendelea kunipigia simu mara moja moja. Alitaka hali za watu wote kama kawaida yake, na salamu zikiisha huuliza, “Na waya?” Nami humjibu, “Bado, baba.” “Haya,” husema, tukaagana.

Lakini nimetangulia mbele. Siku chache baada ya ile Ijumaa ya pili, fundi alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, amekunja uso, hana hata tabasamu moja. Mzee mmoja wa Tanga, alisema, ameshtaki posta kwamba waya wa Mombasa hausikilizani, na ameshikilia kabisa lazima uangaliwe. Yeye ameupima kutwa, njia ya kwenda na njia ya kurudi, daraja moja moja, na hakuona kitu. Waya ni mzima. Haelewi mzee analalamikia nini. Kwa kuwa simu ile ilipigwa kwangu, je, mimi nauelewa huo ubovu uko wapi?

Nilimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ukuta uanguke kumsikia mtu mwingine akikiri kwamba hajui.

“Upo,” nikamwambia. “Endelea kuutafuta. Na usifanye haraka.”